Kigogo cha Ufuoni na Samaki wa Mjukuu Wangu



Mwezi wa Juni, upepo wa kusi ulipochacha na ufuo ukajaa mwani, mjukuu wangu wa miaka tisa aliokota kigogo cheupe, kilichosuguliwa na mawimbi hata kikalainika kama pembe. Alikisuuza mara moja mferejini, akakitia katika tangi lake la vioo lenye samaki wanne wa dhahabu. Alfajiri niliporudi msikitini nilimkuta amesimama kando ya tangi. Samaki watatu walikuwa wakielea matumbo juu. “Babu,” akaniuliza, “nimepata dhambi?”

Sikumjibu upesi. Ipo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula. Ipo pia ile ya Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na kijidege chake, naye Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akamuuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wametoa humo ruhusa ya mtoto kufuga ndege, maadamu hamtesi. Nikamwambia kuwa asiyejua hapatilizwi, lakini tangu siku hiyo sisi si wa kusema hatukujua.

Tulipokigeuza kile kigogo tukaona ufani mabaki ya rangi nyekundu. Kumbe halikuwa tawi, ni kipande cha mkuku wa chombo. Rangi nyingi zipakwazo chini ya vyombo ili viumbe vya baharini visigande zina shaba, nayo shaba ni sumu kwa samaki. Hiyo haitoki kwa kuchemsha. Vivyo hivyo ubao uliopakwa sifa au deheni, au wenye misumari, uacheni ulipo. Na ubao wenye alama ya chombo huenda una mwenyewe.

Tukatafuta kingine: tawi kavu, gumu, lisilonuka, ambalo ukucha ukilibonyeza haudidimii. Tahadharini na tamaa ya kukata mkoko mbichi. Mikoko yetu ni misitu ya serikali, haikatwi bila ya kibali. Wala katika hifadhi za bahari msiokote kitu.

Mti uliolala baharini umekunywa chumvi hadi kiini, na samaki wa dhahabu ni wa maji matamu. Kwa hiyo tuliusugua kwa brashi ngumu bila ya sabuni, kwani mti hufyonza sabuni kama ufyonzavyo maji. Tukauchemsha saa mbili katika sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, tukamwaga maji, tukarudia. Kisha tukautia katika pipa la maji ya mfereji, tukiyabadilisha kila siku kwa juma la kwanza, na baadaye kila baada ya siku mbili tatu. Maji ya mwanzo msiyamwagie miche, chumvi itaiua.

Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi. Mke wangu akadhani mti umeoza. La, ni ile dawa ya asili iliyo katika magamba ya miti, ambayo wazee wetu waliitoa katika gamba la mkandaa kwa kudibaghi ngozi. Kidogo chake hakiwadhuru samaki, ila hutia maji giza, na kila unapobadilisha maji hupungua.

Jambo lililomchosha kijana ni kuwa mti haukuzama. Ungeweza kufungwa kwa mshipi wa kuvulia juu ya jiwe, lakini si jiwe la matumbawe, kwa kuwa chokaa yake hubadilisha maji. Ukitilia shaka jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, litupe. Sisi tulisubiri. Kila Magharibi, baada ya chuo, alikuja kuubonyeza kwa kidole.

Juma la tano ulikaa chini wenyewe. Tukauchemsha mara ya mwisho, tukaonja maji yaliyopoa kwa ncha ya ulimi na kuyatema: hapakuwa na chumvi. Baada ya siku chache tangini ukaota utando mweupe kama kamasi. Nao hauna madhara. Tuliufuta kwa mswaki mpya, ukarudi, ukafutwa tena, kisha ukakoma.

Samaki aliyesalia hupenda kujificha chini ya tawi wakati wa mchana. Mjukuu wangu anataka kumnunulia wenzake wawili. Nimemwambia asubiri mwezi mmoja, naye huhesabu siku ukutani kwa penseli.