Malengelenge ya Farasi Hayakuhusu Wewe

Huenda farasi unamwona siku za mashindano tu pale Ngong. Lakini wenye kuwafuga hushtuka farasi jike anapotoka malengelenge na vidonda sehemu za siri, siku tano hadi tisa baada ya kupandwa. Mara nyingi ni virusi vya hepesi, aina ya tatu ya farasi.

Virusi hivi vilipatikana mwaka wa 1968 katika Marekani, Kanada na Australia, karibu wakati mmoja. Wataalamu hupangusa kidonda kibichi kwa pamba, kisha huweka majimaji hayo kwenye chembe hai zilizokuzwa maabarani. Katika chembe za farasi virusi huzaana na kuziharibu. Katika chembe za wanyama wengine havisitawi. Ndiyo maana mtunza farasi hana haja ya kuogopa kuambukizwa.

Vidonda hupona kwa wiki mbili au tatu na kuacha mabaka meupe. Mimba pia hushika kama kawaida. Hasara ni ya mwenye dume, kwa kuwa lazima apumzishwe msimu ukiwa umepamba moto. Chanjo hakuna. Tena virusi hujificha mwilini na huweza kuamka bila dalili, kwa hiyo mwambie daktari wa mifugo abadilishe glavu kwa kila farasi.