Ukristo ni dini au uhusiano na Mungu? Historia ya Mombasa bara ina jibu

Pita Changamwe Jumapili asubuhi, kutoka Magongo hadi Chaani, na utasikia ibada nne au tano kabla ya kufika steji. Huku kwaya inaimba kwa kinanda, kule spika za kanisa la mabati zinatetemesha ukuta wa jirani. Ndani ya kivuko cha Likoni, mhubiri husimama katikati ya abiria na kuhubiri mpaka mlango uteremshwe. Kisauni nako maturubai ya mikutano ya injili huinuliwa na kushushwa mwaka mzima. Wahubiri hawa wanatofautiana katika mambo mengi, lakini kauli moja imeenea midomoni mwao: Ukristo si dini, Ukristo ni uhusiano wa mtu na Mungu wake.

Kauli hii ina mvuto, na mvuto wake si wa bure. Wako Wakristo wengi waliobatizwa wangali wachanga, wakapata kipaimara wakiwa shuleni, kisha cheti kikawekwa kabatini pamoja na imani yenyewe. Kanisani wanaonekana siku ya arusi na siku ya mazishi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba Mungu anamjua kwa jina, na kwamba anaweza kuzungumza naye usiku huu chumbani kwake, jambo fulani linaamka ndani yake. Na hilo ni fundisho la Injili. Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi waingie chumbani, wafunge mlango na kumwomba Baba aliye sirini.

Hata hivyo, kauli hiyohiyo imegeuzwa ngao. Waumini wanaitumia kujitenga na kila kusanyiko linaloweza kuwauliza wanaishije. Wahubiri wanaitumia kukataa kuwa chini ya sinodi, baraza la wazee au mkaguzi wa hesabu. Msimamo wangu ni huu: imani huanza kama uhusiano, lakini haikai wala haikui bila dini. Anayevitenganisha viwili hivi hupoteza vyote. Ushahidi wa jambo hili tunao hapahapa, upande wa bara.

Kabla ya makanisa ya kimisionari kujengwa upande huu, palikuwa na kaburi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe, Rosina, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande tunaouita Nyali leo. Miaka miwili baadaye Krapf na mwenzake, Johannes Rebmann, walipiga kambi Rabai. Walihubiri kwa miaka bila kupata mavuno. Wa kwanza kubatizwa, mwanzoni mwa miaka ya 1850, alikuwa Mrabai mlemavu aitwaye Mringe, naye alibatizwa akiwa kitandani, karibu na kufa.

Mringe hakuishi kuona parokia, askofu wala kwaya. Hakuwa na daftari la sadaka wala kadi ya uanachama. Wanaosema imani ni uhusiano wana shahidi mwema katika mtu huyu, na mimi sina la kuwapinga hapo. Lakini tumtazame vizuri. Habari ya Kristo aliisikia kutoka kwa watu waliotumwa na kanisa. Maji ya ubatizo yalimwagwa na mkono wa mtu mwingine, kwa maneno ambayo kanisa lilikuwa limeyatumia kwa karne nyingi. Hakuna Mkristo aliyejibatiza mwenyewe. Hata yule aliyekuwa peke yake kabisa alipokea imani yake mikononi mwa wengine.

Zaidi ya miaka ishirini baada ya Mringe kubatizwa, Rabai haikuwa tena peke yake. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyobeba mateka, na waliokombolewa wakahitaji mahali pa kuishi. Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji chao Kisauni na kukiita Frere Town, kwa jina la Bwana Bartle Frere. Walioshika kazi ya ufundi na ualimu walikuwa hasa Waafrika wa Bombay, yaani watu waliouzwa utotoni, wakakombolewa baharini na kusomeshwa India. Kengele ilitundikwa kuwaonya watu hatari inapokaribia na kuwaita kwenye ibada. Mahali hapo panaitwa Kengeleni hadi leo, na makondakta wa matatu hulitaja jina hilo kila siku.

Frere Town inatuonyesha pande zote mbili za dini. Kwa upande mmoja maisha yalipangwa kuanzia alfajiri mpaka usiku: shule, shamba, ibada, nani amwoe nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 usimamizi wa kijiji ulishutumiwa waziwazi kwa viboko na adhabu kali, mpaka serikali ya Uingereza ikaingilia kuchunguza. Watu waliookolewa kutoka kwa bwana mmoja walijikuta mbele ya bwana mwingine aliyeshika Biblia. Mtu akisema dini inaweza kuwa kifungo, nitamwelekeza hapo.

Kwa upande mwingine, kijiji hichohicho kilimpa nafasi William Jones. Alitekwa akiwa mtoto, akakulia India, akajifunza uhunzi. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi Jones na mwenzake Ishmael Semler hapo Frere Town. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga Oktoba ya mwaka huo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani.

Kisha kuna jambo alilolifanya Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuja kujificha kwenye kituo cha misheni, na Jones akawapokea. Mabwana zao walidai warudishwe, na ugomvi ukawa mkubwa. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani iliwalipa wenye watumwa, na watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo Rabai. Uhuru wa watu hao ulitegemea mambo ambayo kauli ya leo inayadharau: ardhi ya kanisa, jina la kanisa, barua za kanisa, mchungaji aliyetambuliwa. Kama imani ya Jones ingekuwa siri ya moyo wake tu, mtoro wa usiku angebisha mlango gani?

Sasa tutoke pwani kidogo, kwa kuwa lugha ya wokovu tunayoitumia leo ina chimbuko lake bara. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 ukaingia Kenya. Watu waliokuwa wamebatizwa zamani walisimama hadharani, wakakiri wizi, chuki na uzinzi, wakarudisha mali za watu, wakasema wameokoka. Wakaitana ndugu bila kujali kabila. Wafanyakazi wa reli na bandari waliotoka bara kuja kuishi Changamwe na Likoni walikuja na lugha hiyo.

Hakuna watu waliosisitiza uhusiano binafsi na Kristo kuliko ndugu hawa. Waliwauliza maaskofu na makatekista swali lilelile walilomuuliza mlevi wa kilabuni: umeokoka? Waliitwa wenye kiburi, na wakati mwingine kiburi kilikuwapo kweli. Pamoja na hayo, wengi wao hawakuanzisha madhehebu. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Walikutana katikati ya wiki kwa ushirika wao, na Jumapili wakaenda kwenye Meza ya Bwana pamoja na wale waliowaona baridi. Obadiah Kariuki, mmoja wao, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kutoka Kenya kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 1955. Waliudai moyo, na hawakuibomoa nyumba.

Nadhani walielewa jambo ambalo utamaduni wetu unalijua tangu zamani. Undugu kwetu hauishi moyoni peke yake. Ndugu hubisha hodi, huchanga kwenye arusi, hulala matangani, huletwa kwenye kikao anapokosea. Mtu akisema anampenda shangazi yake lakini hajawahi kumjulia hali wala kumzika mumewe, sisi tunajua upendo huo haupo. Kwa nini basi tukubali kwamba uhusiano na Mungu ndio pekee usiodai desturi, wajibu wala kikao?

Jirani zetu Waislamu nao wanatusaidia kulifikiria hili. Mkristo wa Kisauni akimwambia jirani yake kwamba yeye hana dini ila ana uhusiano na Mungu, atatazamwa kwa mshangao. Jirani atataka kujua anaswalije, anafungaje, anawasaidiaje maskini, nani atamzika. Maswali hayo ni ya haki, na Biblia yenyewe inayauliza. Waraka wa Yakobo, mwishoni mwa sura ya kwanza, hauikatai dini. Unataja dini iliyo safi, na kuipima kwa namna tunavyowatazama yatima na wajane katika dhiki yao na kujilinda na uchafu wa dunia.

Likoni imelipia somo hili kwa damu. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi, kisha wakawageukia watu waliotoka bara, wakiua na kuchoma nyumba. Maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Langoni hakuna aliyeulizwa ameokoka lini, wala ni wa dhehebu gani. Kiwanja, choo, tanki la maji na mapadri waliokuwapo ndivyo vilivyokuwa imani siku hizo. Baadaye viongozi wa Kikristo, Kiislamu, Kihindu na wa dini za jadi waliungana katika Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani kutafuta amani. Kazi hiyo isingefanywa na watu ambao kila mmoja anajiwakilisha mwenyewe mbele ya Mungu.

Tarehe 23 Machi 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia kanisa dogo la Likoni na kuwafyatulia risasi waumini katikati ya ibada. Watu 6 walifariki. Miongoni mwao alikuwa mama, na risasi ilikutwa kichwani mwa mtoto wake mchanga. Madaktari wa Nairobi waliitoa na mtoto akapona. Waliouawa siku ile hawakuwa wamefuata mazoea tu. Walikuwa wamekuja kukutana na Mungu wao, nao walikuja kukutana naye pamoja na wenzao. Sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili juu ya miili yao.

Kisha ikaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri wa Malindi. Upande wa mashtaka unasema waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka, na kesi zimekuwa zikisikilizwa hapa Mombasa, zikiwemo katika mahakama za Shanzu. Mahakama itasema yake. Lakini lipo jambo tusilohitaji kulingojea. Watu wale walikuwa wakimtafuta Mungu kwa moyo wote. Walichokosa ni mtu wa kumuuliza mhubiri wao: hili umelitoa wapi, na nani amekupa ruhusa? Palipotakiwa kuwa na uhusiano wa mtu na Mungu, palisimama mtu mmoja katikati. Dini iliyopangika ina makosa yake, na Frere Town tumeyaona. Lakini mtu anayesema hana dini bado ana dini, ila imo mikononi mwa yule anayemsikiliza.

Baada ya msiba ule, serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi kupitia upya namna mashirika ya dini yanavyosimamiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inamlinda kila mtu katika imani na ibada yake, na ni vyema ibaki hivyo. Serikali haitaweza kuingia moyoni mwa mtu. Kazi ya kuchunguza roho ni ya kanisa lenyewe, na kanisa linaloogopa kuchunguzwa limeshajihukumu.

Kwa makanisa ya zamani nasema: acheni kuhesabu waliobatizwa kana kwamba kazi imekwisha. Kijana wa Mtopanga anayehamia kanisa la mabati mara nyingi amekimbia ibada ambayo hakuna aliyemfundisha kuomba ndani yake. Mfundisheni. Kwa wachungaji wa maturubai nasema: mnapohubiri uhusiano, mnahubiri ukweli. Msikate shina lililowabeba.

Na kwa wewe msomaji, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe: omba chumbani kwako leo usiku, kwa maneno yako mwenyewe. Jumapili nenda mahali ambapo watu wanakujua kwa jina, wanasoma hesabu za sadaka mbele ya wote, na wanaweza kukukosoa wewe pamoja na mchungaji wako. Ukikosa moja kati ya hayo, ulizia. Ukikatazwa kuuliza, ondoka hapo.