Lango la Ngome ya Yesu na Jiwe Lake

Mtu wa Chale aendaye Mombasa hupita Ukunda, akavuka kwa feri pale Likoni, kisha akashika njia yake kwenda sokoni au kazini. Wachache hufika hata Ngome ya Yesu, na katika hao wachache wengi hupita langoni bila kuinua macho. Hata hivyo yafaa lango lile litazamwe vema, maana juu yake pana jiwe lililoandikwa Kireno, na jiwe hilo lataja wazee wetu.

Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, kwa ramani ya mjenzi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake zilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yaani vitu vile vile watumiavyo mafundi wa pwani tangu kale. Ukuta mnene namna ile hauhofiwi sana; mahali pa hofu ni mlango, kwa kuwa sharti ufunguliwe. Ndiyo sababu lango liliwekwa kando ya buruji la Mtakatifu Matias, lipate kulindwa nalo.

Lakini lango halimzuii mgeni aliyekaribishwa. Mwezi wa Agosti 1631, Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba amekuja kumzuru kapteni. Akamwua, akaitwaa ngome. Wareno waliizingira wakashindwa. Sultani alipoondoka mwenyewe mwaka 1632, ndipo walipoirudia.

Mwaka 1635 ukapteni ulipewa Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27. Huyo aliijenga ngome upya, na hapo langoni akaongeza chumba cha walinzi. Maana ya chumba kama hicho ni kwamba kila aingiaye, hata akiwa rafiki, hupita kwanza mbele ya macho ya askari. Kazi ilipokwisha, jiwe la mwaka 1639 likatiwa juu ya lango kutangaza sifa zake. Lasema kwamba aliwaadhibu watu wa Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji yao, akaiadhibu Pemba, akawaadhibu na watu waitwao “Muzungulos.” Kisha latoa hesabu ya ujira: cheo katika nyumba ya mfalme, na posho ya milreis 50 kwa mwaka.

Hao “Muzungulos” walikuwa watu wa bara ya Mombasa, na wataalamu wa historia huwahesabu kuwa wazee wa Wamijikenda, ambao Wadigo ni mmojawapo. Basi katika jiwe lile wazee wetu wametajwa kwa neno moja tu, la kuadhibiwa. Walitenda nini, na walidai nini, mwandishi hakusema, kwani jiwe lilikuwa lake.

Waarabu wa Oman waliiteka ngome mwaka 1698, wasilivunje jiwe. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958, nao wakaliacha. Mwaka 1960 ngome ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ni vema kwamba halikuondolewa: tungaliliondoa kwa hasira, tungalipoteza ushahidi wenyewe wa majivuno yale.

Karibu na Chale iko Kaya Kinondo, ambayo nayo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2008. Huko hakuna jiwe lililoandikwa. Habari zimo vinywani mwa wazee. Basi, msomaji, ukienda Mombasa, inua macho langoni usome upande mmoja wa habari. Nawe urudipo nyumbani, keti na wazee uwaulize upande wa pili, na uuandike wangali hai.