Mstari Mmoja Hautoshi: Kuuliza ni Sehemu ya Kuisoma Biblia

Yeremia 29:11, mahali ambapo Mungu anawaahidi watu wake amani na tumaini, ni mstari unaopendwa sana makanisani. Si ajabu ukishikwa kwa nguvu katika Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo ulioonja vita tangu 1996 na ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Lakini mara nyingi mstari huo huhubiriwa peke yake, kama ahadi ya kazi, ndoa au safari kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo msomaji anapaswa kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na ni nini kilichotangulia?

Majibu mengi yamo humo humo katika kitabu. Maneno hayo ni ya barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 10 unataja miaka 70, maana yake watu wazima wengi walioisikia barua hiyo wangezikwa ugenini. Ndiyo sababu anawaagiza wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto wao na kuutakia amani mji walimo. Sura ya 28 inamtaja nabii mwingine, Hanania, aliyewatangazia watu kwamba uhamisho ungekwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia alimwambia waziwazi kwamba anawatumainisha watu uongo. Kwa hiyo asiyeuliza anaweza kuhubiri ujumbe wa Hanania huku akidhani anamnukuu Yeremia.

Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza ni kukosa imani, na wanamtaja Zakaria, ambaye katika Luka 1 alimwuliza malaika swali akawa bubu. Hoja hiyo ina uzito, lakini sura hiyo hiyo inaonyesha Maria naye akimwuliza malaika, na anajibiwa kwa upole. Zakaria alitaka uthibitisho kabla ya kuamini. Maria alitaka kuelewa jambo hilo litatimia vipi. Habakuki aliuliza kwa uchungu kwa nini Mungu ananyamaza mbele ya dhuluma, na maswali yake yakawa sehemu ya Maandiko. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanasifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku wapate kuhakikisha maneno ya Paulo. Kama mtume alichunguzwa, mhubiri wa leo hawezi kuona kosa akiulizwa.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya padri na pasta, na kwamba kila mtu akiuliza, kila mtu atakuwa na tafsiri yake. Ni kweli, mwaka wa uhamisho hatuujui bila msaada wa waliosoma. Lakini kuanza kuuliza hakuhitaji shule kubwa. Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za Kikristo tangu 1961, na katika Bukavu Wakatoliki hukutana katika jumuiya hizo, wanazoziita shirika, majirani wakisoma Neno pamoja. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum, ukawahimiza waamini wote kuyasoma Maandiko mara kwa mara. Tena, mstari uliong'olewa katika sura yake ndio unaoweza kusemeshwa lolote. Ukirudishwa mahali pake, unaweka mipaka kwa anayeufasiri.

Hata hivyo, kuuliza bila kutafakari huishia kichwani. Baada ya kuyauliza Maandiko, lazima tuyaache nayo yatuulize sisi tunavyoishi. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waamini wa Bukavu barua ya Krismasi mwaka 1999, akiweka habari ya kuzaliwa kwa Yesu mbele ya uporaji na ukandamizaji wa wakati ule. Februari 2000 waasi wa RCD, waliotawala Bukavu wakati huo, walimzuia kurudi mjini, akakaa uhamishoni Butembo kwa miezi kadhaa. Aliruhusiwa kurudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo. Usomaji wa namna hiyo hauanzi na ujasiri wa askofu peke yake. Unaanza pale kiongozi wa shirika au wa kikundi cha maombi anaposoma sura nzima, kisha anawaachia wote nafasi ya kuuliza, hata yule mama asiyezoea kusema mbele za watu, na kulipokea swali lake kwa heshima.