Siku Mbili Tabora: Ulale Wapi, Ulipie Nini

Wenye misafara ya karne ya 19 walipatana ujira wa wapagazi kabla ya safari. Kilichowaliza njiani ni hongo, yaani ushuru wa kupita. Wakifika Ugogo, kila mtemi anataka doti zake za vitambaa vya merikani na kaniki. Ukimalizana na huyu, wa mbele anakusubiri, na wakati mwingine hata maji ya kisima unalipia. Hadi wanaingia Unyanyembe, ambako leo ndiko Tabora, mizigo ya nguo ilikuwa imepungua vibaya.

Hongo siku hizi ina maana nyingine, lakini mtindo wa kumegwa kidogo kidogo haujafa. Anayekwenda Tabora kupumzika mwisho wa wiki hutajiwa bei ya chumba kwenye simu, akafurahi, akadhani ndiyo bei ya safari. Siyo. Kwa hiyo tuhesabu kabla hujatuma hela. Namba za vyumba nitakazotumia ni za kupigia hesabu tu. Weka zile utakazotajiwa.

Kwanza tuondoe ndoto moja. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako mpelelezi Livingstone alikaa hadi tarehe 25 Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, ni makumbusho, si pa kulala. Utaingia, utaona, utatoka. Ukitaka kulala ndani ya jengo la kale lenye bustani, tazama hoteli ya zamani iliyo karibu na stesheni, ya enzi za Wajerumani, iliyokarabatiwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mji wa stesheni ukakua kuizunguka. Ukiikosa hiyo, zipo gesti na loji mpya mjini, na hosteli za makanisa.

Tuseme gesti safi yenye feni na choo cha ndani ni shilingi 25,000 kwa usiku, na hoteli ya kale ni 70,000. Kwa siku mbili ni 50,000 dhidi ya 140,000, tofauti ya 90,000. Wengi huishia hapo na kuchukua gesti.

Endelea kuhesabu. Hoteli nyingi za aina hiyo huweka kifungua kinywa ndani ya bei; gesti nyingi haziweki. Mkiwa wawili, supu na chapati kwa asubuhi mbili, kwa 5,000 kila mmoja, ni 20,000. Gesti ya bei nafuu mara nyingi iko pembeni. Bajaji nne za 3,000 kwenda na kurudi mjini ni 12,000. Tofauti imeshuka hadi 58,000, yaani 14,500 kwa kila mtu kwa kila usiku. Swali lako sasa ni jepesi: baraza pana, dari ya juu na miti nje ya dirisha vina thamani ya 14,500 kwako? Kwangu mimi, usiku mmoja ndiyo. Usiku wa pili nitakuwa nimeshaizoea ile dari.

Ukiwa peke yako hesabu inageuka, maana chumba hulipiwa kama chumba, si kama kichwa. Kifungua kinywa unaokoa cha mtu mmoja tu, tofauti inabaki 68,000, na unaibeba yote wewe. Nenda gesti.

Ukichagua jengo la kale, uliza swali moja kabla ya mengine yote: chumba ninachopewa kiko kwenye jengo lenyewe la zamani, au ni kimoja cha vile vilivyoongezwa baadaye? Hoteli nyingi za kihistoria zina picha ya mbele na vyumba vya nyuma, na bei inaweza kuwa ile ile. Kama vya zamani vimejaa, huna sababu ya kulipia ukale ambao hutalala ndani yake. La pili, maji ya moto yapo saa zote au asubuhi tu? Asubuhi za Juni na Julai Tabora zina baridi. Mji uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. La tatu, umeme ukikatika jenereta inawashwa au unapewa mshumaa? La nne, saa ya kutoka. Kwingi ni saa 4 asubuhi, na ukizidisha unaongezewa.

Hosteli ya kanisa isidharauliwe. Kwa anayetafuta utulivu hasa, ndiyo inayokaribia zaidi bei ya gesti huku ukipata ukimya wa hoteli: hakuna baa, hakuna muziki, uwanja umefagiwa. Ubaya wake, geti hufungwa mapema, na wenzi wasio na ndoa wanaweza kuulizwa maswali. Ukifika na treni ya usiku bila kutoa taarifa, utakaa nje na begi lako.

Na treni ndiyo inayoharibu hesabu za wengi. Treni ya zamani ya Reli ya Kati inapita Tabora, na hapo ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana. Nauli yake haiumi kama ya basi, na daraja la pili kulala linakupa kitanda. Lakini ratiba ya reli ile ni ya kusubiri kwa subira. Ukishuka saa 9 usiku na kuomba chumba, kwingi utalipia usiku mzima kwa saa nne za usingizi, kisha saa 4 asubuhi unaambiwa siku mpya imeanza. Dawa yake: mwambie mhudumu mapema unafika saa ngapi, mpatane kwamba malipo yataanza asubuhi hiyo, na umwombe akuandikie kwenye ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo hubadilika zamu ikibadilika.

Kutoka Dar wengine huunganisha: treni mpya ya SGR hadi Dodoma, kisha basi. Huduma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilitangazwa kuwa 31,000. Ni haraka na ni raha, ila Dodoma stesheni ya SGR na stendi ya mabasi haziko pamoja, kwa hiyo ongeza bajaji, chakula, na labda kulala ukikosa basi. Nauli za mabasi hupangiwa ukomo na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Tazama ukomo huo kabla hujafika kwa wapiga debe, na usiondoke dirishani bila tiketi yenye bei halisi uliyolipa. Kwa mwenye siku mbili tu za kupumzika, basi la moja kwa moja lina akili zaidi. Treni mwachie mwenye wiki.

Sasa Kwihara, ambako pesa yako inafanya kazi kuliko kokote. Tembe la sasa lilijengwa upya kwa umbo la lile la zamani: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati, na mlango wa kuchonga kwa mtindo wa pwani. Ukitoka kwenye jua la saa 7 ukavuka kizingiti, unapokewa na ubaridi wa mtungini, na macho yanachukua muda kuzoea giza. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikaa hapa mwaka 1871, akarudi naye kutoka Ujiji mwaka uliofuata. Oktoba 1873 watumishi wa Livingstone, Chuma na Susi, walifika hapa na mwili wake mabegani, wakielekea pwani. Kwihara ni moja ya vituo sita vya njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Kaa chini ya mwembe, usiwe na haraka. Hiyo ndiyo bustani uliyokuja kuitafuta.

Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje havilingani, hivyo beba kitambulisho cha NIDA. Bodaboda mpatane kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja. Ukipatana kwenda tu, kurudi utatajiwa bei ya mtu asiye na njia nyingine. Beba maji na chakula. Mvua za Tabora hunyesha Novemba hadi Aprili. Embe nazo hukolea mvua zikianza, kwa hiyo chagua utamu au njia kavu.

Unaporudi nyumbani utataka asali, na hapa watu wanaibiwa huku wanatabasamu. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Anayeuza kilo kwa 10,000 na anayeuza lita kwa 13,000, wa pili ndiye wa bei nafuu, maana lita ya wa kwanza ni 14,000. Chupa ya maji ya nusu lita iulize bei yake peke yake, usigawe kwa mbili ukadhani ndiyo. Asali ya nyuki wadogo ina bei ya juu kihalali, lakini onja kabla. Ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani matobolwa na michembe, nunua sokoni kwa kopo, si stendi kwa kifuko.

Kuna atakayesema: mimi nataka vibanda vya kale ndani ya msitu hasa, si mji. Basi Tabora si jibu lako. Nenda Amani, Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, na unaweza kulala kwenye nyumba za wageni ndani ya hifadhi. Kwa mkazi wa Dar au Tanga ni karibu kuliko Tabora. Ila pale kitanda na kiingilio cha hifadhi hulipiwa mbalimbali, na usafiri wa kupanda mlima ndio utakaokula bajeti. Kwa mkazi wa Nzega, Urambo au Shinyanga, safari hiyo haina hesabu.

Jambo la mwisho kabla hujatuma pesa. Gharama za kutuma na za kutolea ni zako au zao? Uliza kama wana Lipa Namba. Tuma arubuni ya usiku mmoja tu, iliyobaki lipa ukishaona chumba na kufungua bomba. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni; ukitajiwa chumba kwa dola, omba bei ya shilingi, na wakisitasita, pigia nyumba inayofuata.