Namna ya Kutangaza Biashara Ndogo kwa Simu

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Maneno hayo ni ya kweli, lakini yalisemwa wakati ambapo muuzaji na mnunuzi walikutana sokoni ana kwa ana. Mnunuzi alikitia kitu mkononi, akakinusa, akauliza bei, akaondoka nacho. Siku hizi huenda mnunuzi yuko Dodoma au Dar es Salaam, na kitu chenyewe kiko hapa Babati. Hata kiwe kizuri namna gani, mtu hawezi kununua asichokijua. Ndiyo maana watu wameongeza usemi mwingine, "Biashara matangazo." Katika makala haya nataka kueleza jinsi mwenye biashara ndogo katika mji wetu awezavyo kuitangaza kwa simu aliyo nayo, pasipo gharama kubwa na pasipo kumdanganya mtu.

Yafaa niseme mapema kwamba shuleni simu haziruhusiwi, wala siandiki haya ili mwenzangu yeyote avunje sheria. Naandika kwa sababu wengi wetu ni watoto wa wauza mchele, wauza samaki, mafundi cherehani na mama ntilie. Ada katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu bado hutoka katika biashara hizo. Tena likizo ikifika, sisi ndio tunaoambiwa na wazazi, "Hebu niandikie tangazo hapa." Basi heri tulijue jambo lenyewe vizuri.

Kwanza tutazame mahali petu. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Mji uko chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko. Barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika hapa: moja huenda Kondoa na Dodoma, na nyingine huenda Katesh na Singida. Mabasi hupita kila siku, na mzigo uliofungwa vema asubuhi waweza kufika Arusha au Dodoma siku ile ile. Bidhaa nazo hazikosekani. Tuna mchele wa Magugu, mbaazi, alizeti, mahindi, asali, samaki wa ziwani, na vitunguu saumu vya Mbulu. Tuna mali, na tuna njia ya kuipeleka. Kinachopungua mara nyingi ni habari.

Hasara ya kumtegemea mnunuzi mmoja tumekwisha kuiona. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi ziwezazo kuingizwa nchini mwake. Kwa kuwa India ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, bei ilianguka vibaya, na wakulima wa wilaya yetu walibaki wakitazamana na magunia yao. Sisemi kwamba simu ingaliweza kuokoa zao zima la mkoa. Hilo ni jambo kubwa kuliko duka la mtu mmoja. Lakini funzo lake lamfaa hata muuza nyanya: mwenye mnunuzi mmoja hupangiwa bei, na mwenye wanunuzi kumi huweza kuchagua. Kazi ya tangazo ni kuongeza wanunuzi.

Sasa nitaeleza mambo saba ya kufuata.

Jambo la kwanza ni kuandika tangazo lililo kamili. Matangazo mengi husema hivi: "Mchele mzuri upo, bei nafuu, karibuni nyote." Msomaji hakuambiwa ni mchele gani, kiasi gani, bei gani, wala uko wapi. Wengine huficha bei makusudi ili mtu aulize, lakini aghalabu mtu haulizi; huenda kwa mwingine aliyeiandika. Afadhali kuandika hivi: "Mchele wa Magugu, mavuno ya mwaka huu, umechambuliwa mawe. Kilo moja shilingi 2,800. Ukinunua kilo 25 au zaidi twakutumia kwa basi, nauli ya mzigo ni juu yako. Duka liko karibu na soko, hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni." Bei hiyo ni ya mfano tu, lakini tazameni jinsi tangazo lilivyojibu maswali yote kabla hayajaulizwa. Tena tumieni kilo, maana debe la huku na debe la kule si sawa, na habari ya lumbesa imekwisha kuwagombanisha watu wengi.

Jambo la pili ni picha. Mnunuzi wa mbali hana mkono wa kushika bidhaa, ana jicho tu. Piga picha mchana, karibu na mlango au nje penye kivuli, wala si ndani ya duka lenye giza. Futa kioo cha simu mahali pa kamera, kwani kidole chenye mafuta huifanya picha kuwa na ukungu. Ondoa ndoo, ufagio na viatu vilivyo nyuma. Weka kitu kinachojulikana ukubwa wake kando ya bidhaa, kama vile kijiko au kikombe, ili mtu apate kulinganisha. Na picha iwe ya bidhaa yako mwenyewe, wala isiwe ya kuokota katika intaneti.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni ukweli. Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo huuza vitunguu saumu. Mwaka jana alitangaza kwa picha ya vitunguu vya msimu uliopita, vilivyokuwa vikubwa na vikavu, hali vile alivyokuwa navyo ghalani vilikuwa vidogo na vingine vimeanza kulainika. Aliona ni jambo dogo. Mteja mmoja wa Dodoma akanunua magunia mawili. Alipoyafungua aliona hasara, akaandika chini ya lile tangazo ili kila mtu asome. Karibu miezi miwili mama mdogo hakupata agizo hata moja la mbali, na sisi nyumbani tulikula vitunguu saumu mpaka tukavichoka. Mwishowe alimpigia yule bwana simu, akamwomba radhi, akamtumia gunia moja zuri bila malipo, kisha akaandika mwenyewe palepale kwamba kosa lilikuwa lake na amekwisha kulilipa. Polepole watu walirudi, na yule bwana wa Dodoma hununua kwake hata sasa. Alituambia, "Gunia lile lilinigharimu, lakini uwongo ulinigharimu zaidi." Sokoni uwongo husikiwa na mtu mmoja au wawili, katika mtandao hubaki umeandikwa.

Jambo la nne ni kuelewa chombo unachokitumia. Wengi hutangaza kwa WhatsApp, hasa kwa zile picha zinazotoweka baada ya saa 24 ambazo watu huziita stetasi. Lakini wengi hawajui kwamba picha hizo huonekana tu na watu ambao wewe umehifadhi namba zao na wao wamehifadhi yako. Ukiwa na wateja mia ambao hawakuihifadhi namba yako, unajitangazia peke yako. Basi kila mteja akinunua, mwombe kwa adabu aihifadhi namba yako, nawe uihifadhi yake. Iko pia WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, ambayo haina malipo. Humo waweza kuweka orodha ya bidhaa na bei zake, saa za kufungua, na salamu inayomjibu mteja unapokuwa shughulini. Zaidi ya hayo, waweza kuliandikisha duka lako bure katika ramani ya Google, ili dereva au abiria anayepita aone kwamba liko na jinsi ya kulifikia.

Jambo la tano ni kutangaza mara kwa mara, na kumpa msomaji kitu cha kumfaa. Mtu ambaye kila siku husema "nunua, nunua" huchosha kama mpiga debe wa stendi. Lakini muuza vitunguu saumu akieleza jinsi ya kuvihifadhi visioze, au fundi cherehani akionyesha jinsi ya kupima bega, watu humsikiliza, na siku wanapohitaji bidhaa humkumbuka yeye. Si lazima kuwa na vyombo vya fahari. Kili Paul, kijana wa Kimasai wa Mkoa wa Pwani, alianza kwa kujipiga picha za sinema kijijini kwao akifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, pamoja na dada yake Neema. Mwezi wa Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja katika hotuba yake ya redio. Sisemi kila muuza mchele atatajwa na Waziri Mkuu! Nasema tu kwamba mazingira yetu wenyewe, yakionyeshwa kwa uaminifu, yaweza kupendwa na watu wa mbali. Ziwa letu, mlima wetu na shamba la mpunga la Magugu ni picha nzuri kuliko mapambo ya kununua.

Jambo la sita ni tahadhari. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008, kulipana kwa simu kumekuwa jambo la kawaida, na wezi nao wamejifunza. Mtu akikuambia amelipa, usiamini ujumbe tu, maana ujumbe waweza kutungwa. Tazama salio lako kwanza, ndipo utoe mzigo. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita ofisa. Ukipata ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "hela hiyo itume kwa namba hii", waweza kuupeleka kwa namba 15040. Nawe pia uheshimu haki za wateja. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo humhukumu mwenye kutangaza habari za uwongo, na iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo usisambaze picha ya mteja wala namba yake kabla ya kumwomba ruhusa.

Jambo la saba ni daftari. Andika majina na namba za wateja wako katika daftari la karatasi. Simu huibwa, na mtandao hukatika. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari ziliharibika, na huduma ikadhoofika sana nchini. Tena tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye daftari aliweza kusubiri na kuwapigia wateja wake simu ya kawaida. Asiye nalo hakujua aanzie wapi. Katika daftari hilo andika pia gharama. Mathalani ukinunua bando za shilingi 10,000 kwa mwezi, na faida yako ni shilingi 300 kwa kilo ya mchele, yakupasa kuuza kilo 34 zaidi ili kurudisha fedha hiyo. Utajuaje kama umeziuza? Muulize kila mteja mpya, "Habari zetu ulizipata wapi?" kisha uandike jibu lake. Mwisho wa mwezi utajua kama tangazo lakuletea wateja, au lakuletea sifa tu.

Haya ndiyo mambo saba. Mkiyatazama vizuri mtaona kwamba mengi si mageni. Kusema bei wazi, kupima sawasawa, kusema kweli, kuwa na adabu, kuweka hesabu: hayo ndiyo yaliyokuwa yakimjengea muuzaji jina tangu zamani. Simu haikuleta desturi mpya ya biashara, ila imeipeleka sauti ya muuzaji mbali zaidi, iwe sauti njema au mbaya.

Kwa hiyo usemi wa wahenga bado unasimama. Kizuri chajiuza, lakini yapasa kwanza kionekane. Na kibaya, hata kikijitembeza kwa simu nchi nzima, kitarudishwa kwa mwenyewe. Wenzangu, likizo hii mzazi akikuomba umwandikie tangazo, usiandike "karibuni nyote" ukaondoka. Kaa naye, mwulize mali yake ni ipi, bei yake ni ngapi, na kasoro yake ni nini. Kisha mwandike kweli tupu. Nanyi wazazi wetu, msione haya kuulizwa.

Nakoma hapa.