Kaye moja, biki moja: namna ya kujianzishia kazi bila feza

"Uko na kazi?" Hapa Lubumbashi ulizo hilo linakuja mara tu kisha salamu. Binti mumoja wa Katuba alikuwa analisikia kila siku: kwenye bomba la maji, kwenye mulango wa kanisa, hata kwenye kilio. Jibu lake lilikuwa moja: "Hapana, niko natafuta."

Alikuwa amemaliza sekondari katika sehemu ya biashara na kupata diploma ya Serikali. Feza za kuingia universite hazikupatikana. Kwa mwaka muzima akapeleka dosie katika maofisi: fotokopi, picha mbili, bahasha, nauli ya kwenda na kurudi. Pahali pengi hawakumuita. Pahali pawili walipomuita, walimuuliza: "Uko na uzoefu wa miaka ngapi?" Akarudi nyumbani na dosie yake kwenye kwapa.

Siye wa gazeti tulikutana naye majuzi katika soko la Kenya. Ametuomba tusiandike jina lake. Leo anaandikia wauzaji sita mahesabu yao. Hana ofisi, hana mukubwa wa kazi. Vyombo vyake vya kwanza vilikuwa kaye moja na biki moja.

Hatuandiki habari zake kwa sababu ametajirika. Hajatajirika. Tunaziandika kwa sababu vijana wengi wanatuuliza ulizo moja: "Nianze namna gani, sina feza, sina uzoefu, sina mutu wa kunisukuma?" Njia ya binti huyu, pamoja na makosa yake, inajibu vizuri kuliko hotuba.

Neno "kazi" katika muji wetu

Kwanza tuelewane. Kwa wazee wa hapa, "kazi" ni neno lenye uzito. Union Minière ilianzishwa 1906, na muji wenyewe ukaanza 1910 juu ya shaba. Kazi ilikuwa mushahara wa mwisho wa mwezi, nyumba katika kambi, unga, hospitali, masomo ya watoto. Kisha kampuni ikawa mali ya Serikali na kuitwa Gécamines, na watu wakaendelea kuiona kama baba na mama. Halafu mambo yakaharibika. Katika 1990 mugodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka. Katika 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 waliondoka kwa pamoja katika ile mupango iliyoitwa "départs volontaires". Baba wa binti huyu alikuwa kati yao.

Kwa hiyo mutoto akisema "niko najitumikia mwenyewe", muzazi wa namna hiyo anasikia "niko bule". Hapo kuna shida ya kwanza ya kijana anayejianzishia kazi: hakosi feza tu, anakosa hata jina la kile anachofanya. Tunapenda kumuambia wazi: kutafuta muteja, kupatana bei, kumaliza na kulipwa ni kazi. Kinachobadilika ni kwamba mukubwa wako si mumoja tena.

Shida ya mutu wa karibu

Binti huyu hakuanza kwa kujiuliza "mimi niko na nini?" Alijua jibu: hakuna kitu. Alianza kwa kutazama pahali feza za watu zinapotea. Mama yake alikuwa anamutuma kila siku kununua unga kwa papa mumoja sokoni. Akaona papa huyo anaandika madeni kwenye vipande vya karto, na mengine kwa makala kwenye ubao wa meza. Siku ya mvua, nusu ya madeni ilifutika.

Akamuambia: "Papa, nikuandikie mahesabu juma moja. Kama haikusaidie, usinilipe. Kama inakusaidia, tutaongea bei siku ya posho."

Kila magaribi, wakati wa kufunga, alikuja na kaye yake. Alipiga mistari ine tu: feza zilizoingia, feza zilizotoka, madeni ya watu, na kile papa mwenyewe alichokamata kwa ajili ya nyumbani. Ule mustari wa ine ndio uliofanya kazi. Siku ya sita wakajumlisha pamoja. Madeni yalikuwa karibu bei ya mifuko mitatu ya unga. Na kile papa alichokuwa anakamata kidogo-kidogo, bila kuhesabu, kilipita hata madeni. Papa akanyamaza, kisha akasema: "Nilizania biashara inakufa juu ya bei ya mahindi. Kumbe niko naikula mwenyewe."

Wakapatana franka 10,000 kwa juma. Huyo ndiye muteja wa kwanza.

Tuone vizuri kilichotokea pale. Binti hakuuza "utaalamu wa kontabilite". Angetumia neno hilo, papa angemufukuza. Aliuza dawa ya shida moja ambayo papa aliona kwa macho yake. Na uzoefu aliokuwa akiulizwa katika maofisi aliupata kwa siku sita, pale sokoni, kwa kile alichojifunza darasani. Wewe pia tazama hivyo. Unajua kuandika Kifaransa kizuri? Kuna watu wanaohitaji barua na hawajui kuzipanga. Unajua kompyuta? Wanafunzi wanatafuta mutu wa kupanga kurasa za TFC yao. Uko na telefone yenye kupiga picha safi? Mama anayepika kwa ajili ya maarusi anahitaji picha za sahani zake kwa WhatsApp.

Bule iko na mwisho

Wengine watasema: basi alianza kwa kutumika bule. Ndiyo, lakini bule yake ilikuwa na siku ya kwisha. Juma moja, muteja mumoja, na siku ya kuongea bei ilijulikana tangu mwanzo.

Kosa alilifanya baadaye. Mujomba wake, mwenye kuuza simenti, alimuita amupangie mahesabu. Miezi miwili ikapita bila franka hata moja. Alipouliza, mujomba akacheka: "Nikulipe nini, si uko mutoto wa kwetu?" Wengi wetu tunaijua sentensi hiyo. Haitoki katika ubaya. Katika jamaa tunasaidiana, na ni vizuri. Lakini jamaa ikikula saa zako zote, hautabaki na saa za kutafuta muteja anayelipa.

Leo binti anajibu kwa heshima: "Mujomba, juma la kwanza ni la undugu. Juma la pili ni la kazi." Wengine walikasirika. Mujomba mwenyewe alikawia miezi mitatu, kisha akarudi, na sasa analipa.

Bei: hesabu mbele ya kufungua kinywa

Vijana wengi wanataja bei ya jirani bila kujua jirani anabaki na nini. Tuchukue mufano. Unapanga TFC ya mwanafunzi kwa siku tatu. Nauli ya taxi-bus, franka 6,000. Mega za intaneti, 3,000. Saa za kompyuta unazolipa kwa mwenye sekretariati, 9,000. Jumla 18,000. Kama umekubali 20,000, umetumika siku tatu kwa franka 2,000. Umechoka, umezania umeuza, na kesho hauna hata nauli.

Kwa hiyo andika kwanza gharama zote kwenye karatasi. Ongeza malipo ya siku zako. Ongeza kidogo kwa ajili ya siku ambazo hautapata muteja, maana zitakuja. Kisha taja bei na unyamaze. Muteja akisema "ni mingi", usishushe bei tu, punguza kazi pamoja nayo: "Kwa feza hizo, papa, nitapanga kurasa 30, si 50." Hivyo anaelewa kwamba bei inatoka katika kazi, si katika njaa yako.

Jambo lingine la kwetu: semeni mapema kama ni dola ao franka, na kwa bei gani ya dola. Ukipatana dola leo na kulipwa franka kisha mwezi, tofauti inaweza kukula faida yako yote.

Avansi na karatasi

Mutu asiye na mutaji, mutaji wake ni avansi. Omba nusu mbele ya kuanza. Avansi inanunua karatasi, mega na nauli; tena inakuonyesha kama muteja ni wa kweli. Anayekataa kutoa hata kidogo leo, mara nyingi atakimbia siku ya mwisho.

Muteja wa pili wa binti yetu alikuwa muuzaji wa viatu. Walipatana kwa kinywa. Mwisho wa mwezi akasema: "Hatukupatana hivyo." Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi. Binti akapoteza mwezi muzima, na mudogo wake akarudishwa nyumbani na masomo kwa kukosa feza. Anasema usiku ule karibu atupe kaye.

Tangu pale anaandika karatasi mbili zenye maneno sawasawa: jina la kila mumoja, kazi gani, bei, siku ya kuanza, siku ya kulipa, na sinyatire za wote wawili. Kila mutu anabakia na yake. Kama mumepatana kwa telefone, andika mapatano katika ujumbe na muteja ajibu "ndiyo". Akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, chunga ujumbe wa malipo, na muelewane mapema nani anabeba gharama ya kutosha feza.

Namna ya kupata muteja wa pili na wa tatu

Binti alitaka kuonyesha wauzaji wengine kaye ya papa wa unga. Papa akakataa kabisa: "Mahesabu yangu si ya kutembeza." Alikuwa na haki. Siri ya muteja ni mali yake. Basi binti akaandika ukurasa wa mufano wenye hesabu za kutunga, akamuomba papa kitu kimoja tu: "Wakikuuliza, utasema kweli?" Papa akakubali. Wauzaji wanne wa sasa walitoka kwenye kinywa cha papa huyo.

Hiyo ndiyo CV ya mutu asiye na uzoefu: ukurasa mumoja wa kuonyesha, na mutu mumoja anayeweza kuulizwa.

Tena jichunge na wale wanaokuomba "feza ya dosie" ili wakupatie kazi, ao wanaokupa kazi nzima ya siku tano na kuiita "mutihani". Kazi ya kweli inakulipa. Haianzi kwa kukulipisha. Mutihani wa haki ni mufupi, ukurasa mumoja ao saa moja.

Na sheria je?

Wengi wanaogopa kuanza kwa kuwaza makaratasi. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria ya OHADA juu ya biashara, iliyorekebishwa 2010, inatambua mutu anayeitwa "entreprenant": mutu mumoja anayefanya kazi yake ndogo, ya mikono, ya biashara ao ya kulima. Huyo halazimishwi kuandikishwa katika RCCM kama wafanya biashara wakubwa. Anapeleka tangazo kwa grefe, na sheria inasema tangazo hilo ni bila malipo. Hiyo haiondoi kodi. Juu ya patente, uliza katika komine yako mapema, na kila franka unayotoa, omba karatasi yake.

Siku za njaa

Hatutaki kudanganya mutu. Kuna majuma ambapo wateja wawili wanasafiri, mvua inafunga soko mapema, na kaye inabakia nyeupe. Kwa hiyo binti anatia franka 10,000 kwa juma katika likelemba na wamama wa soko. Zamu yake ilipofika, nusu ililipa masomo ya mudogo wake, nusu ikanunua telefone iliyotumika. Sasa anapiga jumla kwa telefone na kutumia wateja mahesabu yao siku ya posho magaribi. Alianza na biki. Telefone ilikuja kisha, kwa feza ya kazi yenyewe. Wengi wanataka kuanzia kwenye telefone.

Tulipomusindikiza nyumbani Katuba, tulimukuta baba yake ameketi kwenye mulango pamoja na jirani. Kwa muda murefu mzee huyo alikuwa anaiita kazi ya binti yake "ile michezo ya kaye". Jirani akamuuliza, kama desturi: "Na huyu wako, iko na kazi?"

Mzee akajibu bila kugeuka: "Iko natumika ku soko. Njo analipia mudogo wake masomo."

Binti akapita ndani kutafuta chakula. Kesho yake ilikuwa siku ya posho, siku ya kujumlisha.